Vyuma Viwili vya Shemeji

Mkobani mwangu mlikuwa na mashati mawili, kitenge cha dada, pasi ya kusafiria na kama kilo kumi za chuma. Kondakta pale stendi ya Kahama aliunyanyua kwa mkono mmoja, akaurudisha chini, akaunyanyua tena kwa miwili.

"Kaka, hii umetoka nayo machimboni?"

Kahama ukibeba kitu kidogo kizito, watu hawafikirii kingine. Nikamfungulia zipu aone: vipande viwili vya chuma, kimo inchi mbili, urefu kupita kiganja kidogo, pamoja na yubolti nne ndefu nilizozifunga kwa mpira wa tyubu. Akacheka.

"Bloki! Unakwenda kuinua gari la nani?"

"Kushusha," nikasema.

"Bloki haishushi gari, kaka."

Sikubishana naye. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesema maneno hayohayo, tena kwa kelele zaidi.

Dada yangu ameolewa Kigali, mtaa wa Kabeza, na miaka mitano ilikuwa imepita bila mimi kukanyaga kwake. Mumewe ana Hilux ya zamani, usukani kushoto, isiyo fowili, anayobebea maspika, jenereta na mahema ya harusi. Aliyekuwa nayo kabla yake alipakia ndizi na matofali, akaongeza majani mawili kwenye kila springi ya nyuma. Gari likawa linasimama kama panzi, mkia juu na pua chini. Likiwa tupu linarukaruka, na kila spika ikipakiwa, vijana wawili wanalazimika kuiinua hadi usawa wa kifua. Shemeji alitaka nyuma ishuke inchi mbili tu.

Nikamwambia kwenye simu atoe yale majani mawili, kazi iishe. Akanijibu kwa upole wake kwamba akiyatoa, siku ya jenereta gari litakaa kama kuku anayeatamia. Nguvu ya springi anaitaka. Kimo ndicho kinachomsumbua. "Nataka bloki," akasema. Nami nikamjibu alichokuja kunijibu kondakta.

Tatizo langu lilikuwa Hilux za fowili. Huko kwetu ndizo ninazoziona zikiwekewa bloki, na kwenye fowili hizo springi imelala juu ya ekseli. Sokomeza chuma katikati yake, springi inapanda na bodi inapanda nayo. Hilux hizi za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake ni kinyume: springi imepita chini ya ekseli na inaning'inizwa na yubolti. Sasa weka bloki ileile mahali palepale, kati ya ekseli na springi. Ekseli haina pa kwenda, magurudumu yako ardhini. Inayosogea ni springi, inakwenda chini, na gari zima linaifuata. Shemeji alinieleza haya akiwa amelala chini ya gari lenyewe, nikisikia sauti yake ikigonga vyuma, nami nikachora kwenye bahasha mara tatu ndipo nikanyamaza.

Ili kufuta aibu nikajitolea kumchongeshea bloki Kahama na kumpelekea mwenyewe. Kusema kweli hakukuwa na haja. Kigali kuna Gatsata, mahali ambapo utapata gereji na vipuri vilivyotumika hadi uchoke, na bloki mbili zisingewashinda. Nilikuwa natafuta sababu ya kwenda, na sababu ya kilo kumi ni sababu nzuri.

Machimbo yametuletea mafundi wa kukereza vyuma wasio na mchezo. Nilimkuta mmoja, nikampa vipimo vya shemeji: urefu, upana, tundu la chini la kupokea kichwa cha senta bolti ya springi, na pini ya juu ya kuingia kwenye tundu la ekseli, milimita kumi na mbili. Hapo nikajifanya najua. "Fundi, iongeze mbili," nikamwambia, "isije ikacheza." Akaniangalia, akaongeza mbili.

Basi lilitupeleka Nyakanazi, Lusahunga, hadi Benaco, ambapo abiria mzee aliyekaa jirani yangu alinyoosha kidole dirishani bila kusema neno. Aprili 1994 wakimbizi kama robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wengi wao wakaishia hapa, kambini. Jina lenyewe lilikuwa la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi iliyokuwa na kituo chake pale. Leo kuna malori, chipsi na mishikaki. Mzee alikishusha kidole chake, akalala.

Daraja la sasa si lile. Hili lilijengwa kwa msaada wa Wajapani, na Aprili 2016 Rais Magufuli, katika safari yake ya kwanza nje ya nchi tangu ashike urais, alilizindua pamoja na Rais Kagame, likiwa na kituo cha pamoja cha mpakani. Maana yake ni kwamba ukitoka Tanzania unavuka kwanza, halafu unagongewa mihuri yote miwili upande wa Rwanda. Chini, Mto Kagera unajirusha kwenye mawe ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitamani kukaa nikiutazama, lakini mkoba wangu ulikuwa umeshawekwa mezani.

Afisa aliyeufungua alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu. Hakushtushwa na vyuma hata kidogo. Kilichomshtua ni mfuko wa nailoni nilioviviringishia ili grisi isichafue nguo.

"Huu hauingii," akasema kwa Kiswahili safi.

Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Nilikuwa nalijua hilo kama kila mtu anavyolijua, nikisahau kwamba linanihusu na mimi. Akauvuta mfuko taratibu, akautupa kwenye pipa, akanirudishia bloki zangu uchi, zikimetameta kwa grisi. Nilivua fulana ya ndani nikaifunga bloki moja. Ya pili nikaiegemeza, kwa ujinga, kwenye kitenge cha dada.

Ng'ambo ya pili dereva akahamia upande wa kulia wa barabara. Nilijua angehama, mwili wangu haukujua. Kila lori lililotujia kwa mbele lilinifanya nikanyage breki ambayo haikuwepo. Lakini kitu ambacho hakuna aliyenionya ni mlango. Basi la Tanzania lina mlango kushoto, na ukiendesha kulia mlango huo unafunguka katikati ya barabara. Kila kituo kondakta alitangulia kushuka, akainua mkono kuzuia magari, ndipo abiria wakashuka wakikimbia kama wanaovuka mto.

Kirehe ilikuwa migomba, Ngoma migomba, Kayonza njia panda yenye zogo, kisha Rwamagana. Mashuleni husema vilima elfu moja. Sikuhesabu, ila sikumbuki pahali ambapo basi lilikwenda tambarare kwa dakika tano. Dereva wetu, aliyetoka Kahama akipepea, sasa alikuwa mtu wa ibada. "Kuna Sofia," akaeleza. Nikadhani ni askari. Kumbe Sofia ni kamera ya mwendo, wenyewe ndivyo walivyoibatiza.

Dada alikuwa ameniagiza nishukie Giporoso, nisiende hadi Nyabugogo. Nilishuka katikati ya barabara kwa kukimbia kama wenzangu. Saa yangu ilionyesha kumi na mbili na nusu jioni, ya pikipiki iliyonichukua ilionyesha kumi na moja na nusu. Rwanda wako nyuma yetu saa moja, ila wanahesabu saa kama sisi: saa mbili yao ni saa mbili ya asubuhi. Kijana wa pikipiki alinivalisha kofia ngumu kabla hata hajaniuliza naelekea wapi, akauweka mkoba mbele yake, pikipiki ikainama. "Ni nini?" "Gari," nikamjibu. Ilikuwa karibu kweli.

Kabeza iko wilaya ya Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe. Vibao vya mitaa vyote vinaanza na KK, halafu namba, kwa hiyo mgeni anaweza kupotea kwa mpangilio mzuri kabisa. Mitaa ina nyumba zilizobanana na kuta, maduka ya kona, saluni, harufu ya nyama choma, na mara kwa mara ndege inayokatiza maongezi ya watu. Wenyeji wananyamaza, inapita, wanaendelea na neno lilelile. Dada alinipokea kwa kunikumbatia, akapokea kitenge, akakifunua. Katikati ya maua palikuwa na mstatili mweusi wa grisi, pembe zote nne zimenyooka.

"Umenipigia muhuri," akasema.

Nilikuwa nimepanga tuwe gereji alfajiri ya Jumamosi. Shemeji akacheka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na hadi saa tano asubuhi hakuna gereji wala duka. Saa mbili nilikuwa mtaroni nimeshika jembe, nikiwa na majirani ambao majina yao nilisahau papo hapo, tukizoa udongo na majani yaliyoziba mfereji wa maji ya mvua kwenye mteremko chini ya nyumba. Mzee wa pembeni alinisifu kwa Kinyarwanda, dada akatafsiri: anasema unachimba kama mtu anayelipwa. Kazi ikaisha, watu wakakaa chini wakajadili mambo ya mtaa, nami nikatazama malengelenge yangu. Kumbuka mtaro huo.

Gereji ilikuwa ua wenye miti miwili na shimo moja la kukagulia magari. Fundi alitoka Bukavu, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Alizunguka Hilux mara moja, mikono nyuma.

"Papa," akamwambia shemeji, "hii motokari iko naangalia chini sawa mutu anatafuta franga."

Hakugusa spana. Alianza na futi kamba: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matao, kushoto na kulia, akaandika kwa chaki kwenye bodi. Ndipo akayawekea mawe magurudumu ya mbele, akainua nyuma, akaegemeza chasi kwenye stendi mbili, akaliweka jeki la pili chini ya difu. Alifungua shokapu kwa chini. Nati za yubolti za zamani zilikuwa zimeoana na kutu, akazikata kwa grainda, cheche zikaruka hadi kwenye mti. Nikauliza kama zile za zamani zingeweza kutumika. Hakujibu; aliokota moja iliyokatwa akanipa. Pale ilipokuwa imekunja juu ya ekseli palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwenye gari la aina hii yubolti hazishikilii springi tu. Springi iko chini, kwa hiyo uzito wote wa nyuma, maspika, jenereta, mahema na vijana waliokaa juu yake, unaning'inia kwenye vile vyuma vinne vya duara. Nilikirudisha kile kipande kwa mikono miwili.

Akainua jeki la difu pole pole. Ekseli ikaachana na springi kwa sauti ya mtu anayebandua kidonda, pakatokea uwazi. Akachukua bloki yangu, akaipangusa, akaiweka juu ya springi: kichwa cha senta bolti kikazama tunduni sawasawa. Akaishusha ekseli. Haikukaa. Akaiinua, akaishusha tena. Pini ilikuwa imesimama mdomoni mwa tundu kama mtu mnene kwenye mlango wa daladala.

Fundi akatoa kalipa, akapima pini. "Kumi na ine." Akapima tundu. "Kumi na mbili." Akanitazama juu ya miwani. "Fundi wa kwenu iko muzuri. Mwenye alimutuma njo mubaya."

Shemeji alisogea kando ili acheke. Kulikuwa na njia ya mkato, kupanua tundu la ekseli, na nilikuwa wa kwanza kuipendekeza. Fundi alitikisa kichwa: bloki hutengenezwa upya kwa nusu siku, ekseli hapana. Akafunga bloki kwenye jiriwa, akanipa tupa. Nikaanza kupiga tupa milimita mbili nilizoziongeza kwa mdomo. Inasikika kidogo. Saa nzima na robo, kila baada ya mapigo kumi nikigeuza, fundi akija na kalipa, akisema "bado", akiondoka. Unga wa chuma uliingia kwenye malengelenge ya umuganda. Pini ya pili alinisaidia, nadhani kwa sababu giza lilikuwa linakaribia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Bloki ikaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira, yubolti mpya zikapita juu ya ekseli, zikashuka pembeni mwa bloki hadi kwenye sahani ya chini, nati zikakazwa kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, mkingamo, ili bloki isilale upande. Upande mmoja ukamalizika kabisa ndipo akahamia wa pili. Gari likashushwa, likatikiswa, nati zikakazwa mara ya mwisho likiwa limesimama kwa uzito wake, na kila nati akaipiga mstari wa rangi nyeupe uliovuka hadi kwenye sahani. Alipima uwazi kati ya ekseli na mpira wa kuzuia kugonga chasi: vidole vinne. Zamani vilikuwa vinaingia viganja karibu viwili. Futi kamba ikasema sentimita tano, kushoto na kulia.

Hilux ikawa imesimama kama gari. Niliipenda, na mimi si mpenzi wa magari ya chini. Dar nimewaona vijana wakizichoma springi kwa moto wa gesi hadi zilegee, gari lishuke, halafu wakajivuna; springi iliyochomwa imepoteza uspringi wake, na siku itakapokatika haitachagua mahali. Hapa kila jani lilikuwa na nguvu yake ileile.

Mvua ilikuwa imenyesha dakika chache tu. Shemeji alinipa upande wa abiria, tukateremka mteremko wa nyumbani, mwendo wa kinyonga. Paka akakatiza. Shemeji akagusa breki, kugusa tu, na magurudumu ya nyuma yakafunga. Mkia ukahama, ukaenda kulia pole pole kwa adabu kabisa, tukasimama gurudumu moja la nyuma likiwa ukingoni mwa mtaro. Mtaro uleule. Niliweza kuona alama za jembe langu.

Hatukusemezana hadi gereji. Fundi aliingia chini na tochi, akatoka akiwa na furaha ya mtu aliyepata alichokitarajia.

"Freni inazani tumebeba muzigo."

Kwenye hizi pikapu kuna vali ndogo ya breki kwenye chasi, yenye ufito mrefu ulioungwa na ekseli. Gari likiwa tupu, chasi iko mbali na ekseli, na vali inabania mafuta ya breki yasiende mengi nyuma, maana gurudumu lisilo na uzito hufunga upesi. Ukipakia, chasi inashuka, ufito unasukumwa, vali inafunguka, breki za nyuma zinapewa nguvu. Vali haina macho ya kuona maspika. Inachojua ni umbali. Sisi tulikuwa tumeishusha chasi sentimita tano, nayo ikaamini kuna jenereta nyuma. Fundi alilegeza kishikio cha ufito, akakisogeza kufidia kimo cha bloki, akakaza, akatutuma tena mteremkoni. Mara hii shemeji alikanyaga kwa makusudi, mara tatu. Gari likasimama limenyooka. Bado alisema atalipeleka Remera, kwenye kituo cha polisi cha kukagua magari, mashine ya breki ithibitishe, na akampa fundi mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Usiku huo dada ndiye aliyegundua taa. Kwa miaka gari lilikuwa linatazama chini, na shemeji alikuwa amezinyanyua taa ili zione mbele. Sasa pua ilikuwa imepanda na taa ziliangaza madirisha ya ghorofa ya jirani. Tukaligeuza likatazama ukuta wa ua, dada akashika futi kamba kwenye ukuta, mimi nikazungusha skrubu, shemeji akipiga kelele "shusha, shusha, hapo". Jirani alifungua pazia, akatupungia mkono, akalifunga.

Jumapili maspika yalipakiwa. Vijana waliiinua ya kwanza kwa nguvu walizozoea, wakaipitiliza, ikatua ndani ya bodi kwa kishindo, walikuwa hawajaambiwa. Waliondoka kwenda Rwamagana kwenye harusi, wakarudi usiku. Mimi niliondoka Jumatatu alfajiri, kabla shemeji hajarudi kwa fundi kukaguliwa nati.

Tulikuwa kwenye foleni ya Rusumo picha ilipoingia kwenye simu. Nati nne zina mstari mweupe ulionyooka, nyingine tatu zimenyooka, ya nane mstari wake umekatika. Nusu ya nati imeiacha nusu ya sahani kwa upana wa punje ya mchele. "Kulia, ya nyuma," shemeji aliandika. "Amekaza."

Kondakta alikuwa yuleyule wa kwenda. Aliunyanyua mkoba wangu kwa mkono mmoja, ukaruka juu kuliko alivyotegemea.

"Umewaachia jiwe lako?"

Nikamwonyesha picha ya gari, mkia na pua sawa. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama, akanipa kalamu na kipande cha tiketi. Nikamchorea gurudumu, ekseli, bloki, na springi chini yake. Basi likaanza kusogea kuelekea darajani. Akaigeuza tiketi juu chini, akaitazama tena.